Breki Laini ya Pikapu ya Betri

Gereji ya Shamba,
Mogogosiek.
14 Julai 1997

Kwako Dada Bilhah,

Pokea salamu zangu. Mwili wangu ni mzima, ingawa moyo umekuwa na kazi nyingi mwezi huu. Goti lako laendeleaje? Na shemeji Atuti, kile kikohozi kimemwachilia? Huku mvua haijapumzika, na wachumaji wa chai wanarudi jioni wamelowa chapachapa.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeniuliza kama kweli kuna gari huku linalotembea bila petroli, na kama kweli lilikaribia kuua watu. Yote mawili ni kweli, dada, na ni heri uyasikie kwangu.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu. Johana, fundi wa umeme wa kiwanda, aliitoa injini akaweka mota ya mashine ya kuinulia magunia stoo, na betri kumi na mbili nyuma ya kiti. Umeme wa kuzichaji tunao, maana shamba lina mtambo wake mtoni. Kazi yake ni kumpeleka nesi Dorcus na dawa kambi kwa kambi. Ikipita husikii kitu ila kokoto chini ya matairi. Watoto wameipa jina Paka.

Lakini betri zile ni nzito kama ng'ombe wawili, na hakuna injini ya kuzuia gari kwenye mteremko. Breki ndizo kila kitu. Mwezi wa tano pikapu ilifungwa breki kubwa zaidi magurudumu ya mbele, na tangu siku hiyo pedeli ikawa laini.

Mwezi uliopita dereva Owino alikuwa akimpeleka hospitali Fancy, mchumaji aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, nesi akiwa kando yake. Kwenye mteremko wa mto, pedeli ikazama hadi chini. Akakanyaga tena na tena. Alipoona daraja linamjia, akakata usukani akaingia kwenye michai. Pikapu ilisimama hatua kumi tu kutoka ukingoni. Fancy alimaliziwa safari kwa trekta na akajifungua msichana salama, Mungu asifiwe. Owino naye hakusifiwa na mtu. Meneja alisema alikuwa akienda mbio, akamrudisha kwao Awasi angoje barua ya kufutwa, baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi.

Sasa nikueleze juu ya Chepkemboi. Ni mama mjane wa huku huku, mtunza breki za malori yanayobeba majani ya chai. Kazi hii alianza kwa kumshikia marehemu mumewe spana. Hakuna aliyemtuma, alikuja mwenyewe, akasema anamjua Owino, na Owino si mtu wa mbio.

Johana aliwaza kwamba kwa kuwa injini ilitolewa, kile kisaidizi cha breki kinachovutwa na injini kimekufa. Chepkemboi akatikisa kichwa. "Hiyo ingefanya pedeli iwe ngumu, Johana. Hii inakanyagika kama uji."

Akaketi, akapiga pedeli haraka mara tatu. Ikapanda, ikawa ngumu kidogo. Akasema hewa imeingia ndani ya mafuta ya breki. Akaikanyaga, akaishikilia muda mrefu, haikuzama. Basi silinda kuu, ile inayosukuma mafuta, ni nzima. Kisha akabana paipu za raba moja moja. Za nyuma hazikubadilisha kitu. Alipobana mbili za mbele, pedeli ikasimama kama jiwe; hewa basi ilikuwa mbele.

Akalala kwenye matope chini ya gari, tochi mdomoni. Akapapasa gurudumu moja, akapapasa la pili, halafu tukamsikia akicheka. Breki za mbele zilikuwa zimefungwa kinyume, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Bolti zinakubali pande zote, lakini skrubu ya kutolea hewa inatazama chini. Akachukua chupa ya soda yenye maji nusu, akaigeuza juu chini mbele yetu. "Hewa inakaa wapi? Juu. Na nyinyi mmeifungulia mlango chini. Hata ungetoa mwaka mzima, ingekutazama tu."

Akazibadilisha. Johana akakanyaga, yeye akafungua. Mapovu yakatoka mpaka mafuta yakaja safi. Halafu akaiendesha mwenyewe hadi mteremko ule, akaisimamisha katikati mara tatu, sisi tukiwa juu tumeshika vichwa. Dada, sijawahi kuona akili tulivu namna ile.

Meneja alipokuja aliuliza ni nani aliyezifunga. Chepkemboi alikuwa akifuta mikono. "Mimi nilikuwa natafuta hewa, bwana. Mtu nimemwachia ajitafute."

Dada, mtu huyo ni mimi. Nilizifunga kwa mikono yangu. Nilisikia ulaini ule siku ya kwanza, nikatoa hewa mara nne, nikachoka, nikamwambia Owino akanyage mara mbili itashika. Na siku alipofukuzwa, akitoka na godoro lake kichwani, nilisimama getini nikamtakia safari njema.

Asubuhi baada ya maneno ya Chepkemboi nilikwenda kwa meneja kabla ya kengele, nikasema yote. Owino aliitwa, akarudishiwa kazi yake. Mimi nimevuliwa ufundi. Sasa ni msaidizi wa Chepkemboi, napaka grisi na kuosha vyuma. Siku ya kwanza sikujua nimtazame vipi. Alinipa spana, akaniambia nianze na gurudumu la nyuma. Owino alinipa mkono, lakini zaidi ya salamu hajaniambia neno, na sina haki ya kumharakisha.

Usimfiche Mama. Msomee barua hii yote, hata pale pa godoro.

Wabusu watoto, na umwambie shemeji ajifunike vizuri wakati huu wa baridi. Mungu awatunze nyumba nzima.

Ni mimi mdogo wako,
Mageto