Fyuzi Mfukoni mwa Baltazari

Mpanda,
Jumatatu jioni.

Dada yangu mpendwa Leticia,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta salama wewe, baba, mama na wote hapo Usevya, na kwamba mpunga umeanza kuchanua na ndege hawajawashinda. Mimi afya ninayo. Anayekuletea barua hii ni Simon, mtoto wa mama mkubwa, na nimemkataza kumpa mtu mwingine yeyote. Ningepiga simu, lakini simu ya nyumbani kwetu ni redio ya kijiji. Baba akipokea anaweka sauti kubwa mpaka majirani wanaitikia salamu.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza jambo moja tu: je, ni kweli fundi Baltazari alimuunguza mwanafunzi kwa uzembe, kama nilivyomwambia baba? Unasema baba amemrudisha mshenga wake kwa sababu ya maneno yangu. Unasema hutaki kuolewa na mzembe, lakini pia hutaki kumpoteza mtu mwema kwa uongo. Nitakujibu. Ila uniruhusu nianzie mbali kidogo, ujue ninaishi na watu wa aina gani.

Huko nyumbani mkisikia Nkwabi anasomea stashahada ya ufundi umeme, mnadhani nimekaa na wataalamu. Nusu ya darasa letu wamekuja kukwepa jembe. Yupo mmoja anashika bisibisi kama anakoroga uji, na huu ni mwaka wa pili. Mwalimu wetu wa mitambo anatusomea daftari lake la zamani ambalo karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, na ukimuuliza swali anasema jibu litakuja mbele. Halijawahi kuja. Wenye nyumba wa mjini hapa nao ndio usiseme. Mtu hajapiga hata plasta, anataka taa za rangi sebuleni.

Chumbani ninakaa na Obadia, mtoto wa Kapalamsenga kule ziwani. Kiswahili chake kinameza nusu ya neno. Akitaka kusema umeshiba, anasema mshiba. Umelala, mlala. Nilikuwa namwiga mbele ya darasa, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na yeye anacheka pamoja nao. Nilimwona mjinga kwa hilo, maana mtu mwenye akili angekasirika.

Sasa nije kwa huyo Baltazari wako. Wakati wa mafunzo ya vitendo chuo kilitupeleka kwake wiki nane, mimi na Obadia. Fundi wa darasa la saba, dada, ndiye wa kunisainia kitabu cha mafunzo mimi wa stashahada! Neno swichi analiandika kila siku kwa namna mpya. Na alikuwa na desturi moja iliyonichosha kuliko zote. Kabla ya kupanda ngazi, anachomoa fyuzi kwenye swichi kuu, anaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Hata kama swichi imezimwa, hata ukimwapia kwamba umeizima kwa mkono wako. Alisema neno la mtu halikati umeme. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba sisi wasomi tunatumia testa kupima kama waya una umeme, na kwamba kubeba fyuzi kama hirizi ni ushirikina wa mafundi wa vichochoroni. Hakukasirika. Alinijibu tu kwamba testa nayo huwa inakufa bila kuaga.

Nilipopata habari kwamba ndiye aliyekuona kwenye harusi ya Scola kule Kibaoni akatuma mshenga kwa baba, nilikosa hamu ya kula. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo. Nikawaza siku nitakayohitimu, wenzangu wananiuliza yule aliyevaa shati lenye vumbi la saruji ni nani, na mimi nijibu kwamba ni shemeji. Nikaapa haitakuwa.

Siku ya ajali tulikuwa tunafunga umeme kwenye ofisi ya mashine moja ya kukoboa mpunga. Baltazari aliishiwa na bomba za kupitishia waya akaenda dukani kununua. Alituachia agizo kwamba tupige misumari ya bomba tu, waya tusiguse mpaka arudi. Obadia akaniambia anataka kumalizia maungio ya taa kule darini ili fundi akute kazi imeisha na afurahi. Nikamwambia apande tu. Akauliza kuhusu umeme. Nikamwambia nitazima.

Alipokuwa tayari darini aliniuliza kwa sauti. Mimi nilikuwa chini, karibu na soketi, nimechomeka simu yangu na ninaangalia mpira. Nilisikia, "Mzima?" Nikaona huyu naye amekosa la kufanya, yuko juu ya dari anaanza kunijulia hali. Nikamjibu bila kuinua macho, "Mzima!" Alikuwa ameuliza kama nimezima, dada. Na kwa jinsi wanavyoongea kwao, jibu langu lilimwambia nimezima. Akashika waya wa moto kwa mkono mtupu. Nilisikia kishindo kimoja, kisha akaporomoka na kipande cha dari, akaanguka mbele yangu. Mguu ulivunjika. Vidole viwili vya mkono wa kulia daktari anasema havitakunjika tena.

Huko nyumbani mlisikia kwamba Baltazari aliondoka akaacha umeme unawaka. Chuo nacho niliwaambia hivyo hivyo, nikaandika kwa mkono wangu.

Baltazari aliondoka na fyuzi mfukoni, Leticia. Umeme haukuwepo alipotoka mlangoni. Mimi ndiye niliyekata kipande cha waya wa shaba nikakitia pale pa fyuzi, kwa sababu simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima na sikutaka kukosa mpira. Obadia hakuniona nikifanya hivyo; alikuta tu simu inachaji, ndiyo maana aliuliza kuhusu umeme. Alipoanguka, kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa kumshika. Nilikimbilia swichi, nikachomoa ule waya, nikautupa kwenye pumba. Ndipo nikapiga kelele za kuomba msaada.

Baltazari aliporudi alitazama mahali pa fyuzi, akaona weusi, akanitazama. Alijua. Kwenye kikao cha chuo nilikuwa natazama mfuko wake tu, maana alikuwa amevaa shati lile lile, na angeitoa tu ile fyuzi akaiweka mezani ningefukuzwa siku hiyo. Hakuitoa. Alisema kazi ni yake na lawama ni yake. Wakamfuta kwenye orodha ya mafundi wanaopokea wanafunzi. Nilipomfuata nje kumuuliza sababu, alisema hawezi kuingia kwa Mzee Manyanda kama mkwe huku amemfukuzisha chuo mtoto wa nyumba hiyo. Unajua nilifanya nini, dada? Nilimdharau. Nikasema huyu ni mpumbavu kabisa. Jioni ile ile nikampigia baba.

Ujumbe wako uliponifikia nilikuwa bado nimejiandaa kukudanganya. Jana nikaenda hospitali kumwona Obadia, nikamkuta Baltazari anamnywesha uji. Kumbe huenda kila siku. Alipotoka, Obadia akaniomba radhi. Mimi, dada! Alisema Kiswahili chake kibovu ndicho kilichomponza, kwamba lazima aliuliza vibaya, na nisijilaumu. Nililia pale kitandani mpaka muuguzi akanitoa nje.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu wa idara maelezo ya kweli, nikasaini. Alhamisi wanakaa kuamua juu yangu. Huenda nikarudi Usevya bila cheti, na nikirudi, nipeni jembe bila maneno mengi. Wewe usimkatae mtu huyu kwa ajili yangu. Mshenga aitwe tena, na baba amwombe radhi mwenyewe, kwa sauti kubwa kama anavyopokea simu.

Nisalimie mama, umwambie magoti yake ayakande kwa maji ya moto. Wape salamu Tereza na watoto wake, na wote wanaoniulizia.

Barua hii mpe baba aisome yote. Nilitaka kuiandika upya niondoe niliyowasema wenzangu, mwalimu na fundi, maana nikiyarudia naona aibu. Nimeyaacha. Baba amekuwa akiwaambia watu kwamba nyumbani kwake kuna msomi, na ni haki yake amwone.

Ni mimi mdogo wako,
Nkwabi Manyanda