Aliyeahidi Kisima cha Kilangala

Dodoma, Ijumaa

Kwako Bibi yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mjomba aliniambia sasa unatembea bila mkongojo, nikafurahi, ila najua ukiona ufuta umefikia kuvunwa utasahau dawa. Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi huku inanivalisha soksi jozi mbili.

Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu uliniambia niache, na kwenye simu sikuweza kukubishia. Kwenye karatasi naweza.

Kazi yangu unaijua. Babu ana mtoto wa jicho, kwa hiyo kila asubuhi tunakaa barazani, anasimulia maisha yake, nami naandika kwenye daftari ili kitabu kitoke. Utoto wake Kilwa tumeumaliza, na ualimu wake Rutamba. Wewe ulipata sentensi moja: "Nilioa huko, tukaachana." Nikaandika. Ndoa ilikuwa yenu wawili, mimi simo.

Jumatatu tukafika mkutano wake wa kwanza wa kampeni, pale Kilangala. Akasema, "Andika: niliwaahidi kisima, na wanawake wakapiga vigelegele."

Kalamu ikasimama. Mkutano huo wewe umenisimulia tangu sijaanza shule. Yeye mtu wa Kilwa, Kimwera hakijui, na wazee wale Kiswahili chao kilikuwa kidogo, ndiyo maana ulisimama kando yake kutafsiri. Aliongelea ushirika na bei ya korosho mpaka watu wakasinzia. Wewe ukawaona wanawake waliotoka mtoni na ndoo zao, ukawaambia mume wako atachimba kisima. Yeye ulimwambia mkiwa njiani kurudi. Alinuna mpaka Rutamba. Halafu akakichimba, na hata alipokuwa waziri nchi nzima ilimwita Mzee Kisima.

"Babu," nikasema, "aliyeahidi ni Bibi."

Hakusikia, kwa sauti yangu hii ndogo. Nikarudia.

"Mambo ya nyumbani hayaingii kwenye kitabu cha siasa."

"Mkutano haukuwa nyumbani, Babu."

Mkewe, Bibi Mdogo, alikuwa anachambua mchele palepale. "Makubwa haya," akasema. "Anayeomba chumvi kwa kunong'ona leo anambishia waziri."

Babu hakucheka. Akasema niandike anachosema au nifunge daftari. Nikalifunga. Jumatano akanikumbusha kwamba chuo cha uuguzi ni yeye aliyesema atanipeleka. Nikajibu, "Ndiyo Babu, nakumbuka," nikaenda kufua.

Jioni hiyo ndipo ukanipigia, nikakudokezea. "Mwache mzee wa watu. Mimi maji nakunywa, kitabu nitakila?"

Bibi, siachi. Wanafunzi watakaosoma kitabu hicho wataamini kiongozi alizaliwa anajua shida ya ndoo kichwani. Hakujua. Mwanamke aliahidi kwa jina lake mbele ya watu, kwa lugha asiyoielewa, na akatimiza. Mimi naona hiyo ni sifa yake kubwa kuliko uwaziri wote, na leo aliporudi kutoka swala ya Ijumaa nilimwambia hivyohivyo, nikitazama miguu yake.

Akasema, "Lete daftari. Andika: kisima kiliahidiwa na mkalimani wangu."

Nikaandika. Halafu nikasema, "Mkalimani ana jina, Babu."

"Kesho," akasema, akaingia ndani.

Basi kesho nitamngoja barazani. Daftari limeishia kwenye "mkalimani wangu" na sijaweka nukta. Akitaja jina, tunaendelea. Akiliruka, napanda basi la Lindi, na uuguzi nitautafuta kwa njia nyingine. Nguo zangu nimeshazikunja. Ukiniona mlangoni usinigombeze, nipe jembe tuvune.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Mjomba anayekusomea barua hii nampa shikamoo, na namwomba asome yote, hata pale utakapomwambia inatosha.

Mungu akuweke na afya.

Ni mimi Zuhura,
mjukuu wa Somoe binti Hamisi wa Rutamba.