Bunduki Inayosikia Baridi

Jumamosi, Julai. Ukungu umekalia paa tangu alfajiri, na nepi za juzi bado mbichi kwenye kamba.

Niwie radhi, shajara, nimekutupa muda mrefu. Nawe Dada Joyce uliyeko Tanga uniwie radhi, maana najua unasoma hapa kwanza ndipo unapiga simu kunigombeza. Sijaandika tangu Imani aanze kuota meno. Kila nikishika simu niandike, yeye anaitaka aitafune. Sasa hivi kalala mgongoni kwa bibi yake, nami nina jambo la kueleza kabla Hoza hajalieleza kwa namna yake.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni askari wa wanyamapori, kituo chetu kiko juu ya Gare, milimani Lushoto. Usifikirie tembo na simba wa kwenye kalenda. Wanyama wetu ni nguruwe pori wanaofukua viazi vya watu, na kazi yangu kubwa ni kuwatisha warudi msituni. Nina kidato cha nne, mafunzo kidogo, na bunduki moja ya zamani, ile ambayo kila ukifyatua lazima uvute bolti kwa mkono. Ukivuta, ganda la risasi iliyotumika linatakiwa liruke nje, ndipo risasi mpya iingie.

La kwangu halikuruka.

Nilipokuwa likizo ya uzazi bunduki ilikuwa mikononi mwa Hoza, mwenzangu wa kituo, mtu mwema ila mdomo hauna likizo. Alinikabidhi inang'aa kama sufuria ya harusi. Asubuhi ya kwanza kazini nikaitwa shambani kwa mama mmoja, nguruwe wamo katikati ya matuta. Nikafyatua hewani. Wakakimbia kidogo. Nikavuta bolti, ganda likatoka nalo, lakini badala ya kuruka likabaki limeng'ang'ania pale kwenye ncha ya bolti, kama Imani anavyong'ang'ania titi akiwa keshasinzia. Nikasukuma, likarudi ndani. Nikavuta, likaja tena. Nguruwe wakasimama, wakanitazama, wakaona huyu hana jipya, wakarudi kula.

Macho ya nguruwe niliyavumilia. Ya mwenye shamba ndiyo yalinishinda.

Kituoni Hoza akanipa mafunzo bila kuombwa. “Mndee,” akaniita, yaani binti kwa Kisambaa, “bolti inavutwa kwa nguvu. Wewe unaivuta kama unamfunua mtoto aliyelala.”

Mkuu wa kituo hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema Ijumaa tunalenga shabaha, na ganda lisiporuka, bunduki inarudi kwa Hoza, mimi nitakaa getini niandike majina ya wageni. “Na mtoto mdogo hivyo, si utapata kupumzika, mama,” akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekugawia kipande cha keki.

Getini hakuna ubaya. Kuna kiti. Lakini anayekalishwa getini huku kwetu huwa harudi msituni, nami niliipata kazi hii kwa kupanda milima ambayo Hoza huipanda kwa kusimulia. Nimechoka, sikatai. Nalala vipande vipande. Kuchoka si kushindwa.

Jumatano nikaomba kibali, nikashuka na gari la kituo hadi Mombo, alikokuwa fundi wa silaha anayehudumia vituo vya bondeni. Imani tulikwenda naye kwa sababu ya kunyonya, akabaki na dereva mbali na milio. Fundi nilimkuta amevaa singilendi, jasho linamtiririka. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akakagua kijino kinachong'oa ganda, kizima. Kuna na kipini kidogo usoni mwa bolti, kina springi nyuma yake, ndicho kinacholisukuma ganda liruke pembeni. Akakibonyeza kwa kidole, kikarudi vizuri. Akafyatua. Ganda likaruka. Akafyatua tena na tena, yakaruka yote, moja likamwangukia kwenye ndala akacheza kidogo.

“Bunduki nzima hii,” akaniambia. “Mama, unalala lakini?”

Tukapanda mlima. Tulipofika Soni nikavaa sweta. Kesho yake asubuhi nikajaribu kituoni mbele ya Hoza.

Ganda likabaki.

Sijawahi kumwona Hoza ana furaha namna ile, hata siku ya kipaimara cha mwanawe. Akasema bunduki inamjua mgosi, yaani mwanamume. Nami nikaanza kuiogopa, kusema kweli. Kitu kinachokubali Mombo na kukataa Lushoto si kitu cha kawaida. Nilimwambia mama mkwe, mwanakwaya tangu ujana wake, naye jioni akakiombea “chombo cha mkwe wangu kilichofungwa.” Nikaitikia amina. Nilikuwa sina fundi mwingine.

Sasa Ijumaa yenyewe. Asubuhi nimemwogesha Imani, nangoja mafuta. Yale ya nazi uliyotuletea, Dada. Kwenu Tanga ni maji. Huku Julai chupa nzima ni jiwe jeupe. Mama mkwe huiweka kwenye maji ya moto, na akiwa na haraka huiingiza kifuani chini ya sweta mpaka ilainike. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila siku. Jana nikamtazama.

Nilisahau kumfunga Imani nepi, naye akaitumia nafasi hiyo kunikojolea.

Mombo joto. Huku baridi.

Nilifika kituoni nahema. Nikamuuliza Hoza swali moja tu: likizo yangu yote, bunduki aliipaka nini? Akatunisha kifua. “Mafuta ya kituo yaliisha. Nilipaka mafuta safi, kutoka ukweni Tanga. Hata kunukia yananukia.”

Nikaichomoa bolti nikainusa. Wali wa nazi.

Mkuu alikuwa keshatoka na kikombe chake cha chai, na watu wamejipanga. Nikamwambia naomba muda niifungue niisafishe. Akauliza, “Sababu tena?” Nikaingiza bolti kifuani, chini ya sweta, pale panapokaa kichwa cha Imani, nikakunja mikono, nikasimama.

“Unafanya nini?” Mkuu akauliza.

“Naipasha, Mkuu.”

Nilisimama mpaka chuma kile kikaacha kuniuma kwa baridi, nikakirudisha mahali pake, nikalenga, nikafyatua, nikavuta kama ninavyovuta siku zote, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ganda likaruka juu, likajizungusha, likatua ndani ya kikombe cha Mkuu. Chwii.

Nikafyatua nyingine. Likaruka. Mkuu akafunika kikombe kwa kofia.

Baadaye tuliifungua bolti juu ya gunia. Nikagonga kile kijiti kidogo kinachozuia kipini, kipini na springi vikatoka, na nyuma yake mafuta meupe yamegandamana. Springi ilinasa humo, ikashindwa kukisukuma kipini. Nikaviosha vyote kwa mafuta ya taa, nikasugua kwa mswaki wangu, nikakausha. Mkuu alichungulia, akanusa, akauliza kama kuna na mchele humo ndani. Kisha akaniambia, chini chini, kwamba angenisikiliza angekunywa chai yake. Nikamjibu ndiyo, Mkuu. Sikumwongezea sukari.

Leo alfajiri baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikarudi kwenye shamba lile lile. Nguruwe wale wale. Nikafyatua, wakasogea kidogo, wakageuka kunitazama kwa mazoea. Nikavuta, ganda likaruka, nikafyatua ya pili. Hawakuamini. Mama mwenye shamba alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, akanipa viazi vya kuchemsha, nikampelekea Hoza viwili. Yuko getini kuanzia leo. Anasema ni kwa hiari yake, miguu inamsumbua.

Ukipata mtu anayepanda huku, Dada, nitumie haya:

Mafuta ya cherehani, chupa mbili ndogo, ya kupaka bunduki mpaka ya kituo yaje.

Mswaki. Mmoja wangu, mmoja wa bunduki.

Soksi za Imani za sufu, ndefu, za kupita magoti.

Sweta langu lile la kijani nililoacha kwako. Hili nililovaa linanuka wali, na mbwa wa kituo wananifuata.

Na mafuta ya nazi, chupa moja. Uandike juu yake YA MTOTO, kwa wino mwekundu, herufi kubwa, mtu aweze kuzisoma akiwa getini.