Sauti ya Bibi Kizee wa Kipunjabi

Mjukuu wangu Salma,

Nakuomba haya yabaki kwako, hata mama yako asiyajue. Huku Al Baraha, Dubai, sote wazima, na shangazi yako kapona mguu. Mimi, babu yako kwa ukoo tu maana tumepishana miaka michache, bado ni karani.

Umeuliza kama yule bibi kizee anayewatukana majambazi, katika ile filamu ya kigeni iliyotiwa sauti za Kipunjabi za kuchekesha, ni mimi. Ndimi. Jirani zangu Wapunjabi walinifundisha lugha yao, kisha wakaniweka mbele ya kipaza sauti. Silipwi, lakini mkataba wangu hauruhusu kazi ya pembeni, nami naogopa kufukuzwa.

Juzi bosi, naye Mpunjabi, aliiwasha filamu hiyo ofisini. Nikainamia faili zangu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Kizee huyu wa kijijini kwetu kabisa! Anatukana kama jirani wa mama yangu!" Akanigeukia. "Hucheki? Ah, maskini, hujui Kipunjabi."

"Sijui, sir."

Mtoto wa Unguja kudhaniwa jirani wa mama yake! Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Ukitaka kumsikia bibi kizee, nipigie Ijumaa baada ya swala. Saa za kazi utampata babu yako tu.