Viatu Vilivyobaki Kanisani

Migori, 14 Juni 1996

Kwako Baba Bravin, Homa Bay,

Natangaza kwa huzuni kuu kwamba kuku wako mwekundu amekoma kutaga. Uzee umetukuta sote wawili.

Sabato iliyopita, wakati wa kutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, ulipiga magoti mbele yangu na beseni. Kanisa zima likageuka kututazama, maana wanajua uliniacha ukaenda kuishi na mwingine. Ukasema, "Mama Bravin, niruhusu." Nikatoka mbio na unene wangu huu.

Akina mama nimewaambia ni tumbo. Ukweli ni kwamba nilipokuona tu ukija na beseni, nilivua viatu mwenyewe. Moyo ulikuwa umeshakusamehe, nami nikaogopa.

Nasikia viatu unavyo wewe. Usimpe mtu, vilete mwenyewe.

Mama Bravin