Magari Mawili Njiapanda ya Bura

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa dukani, nyuma ya kaunta, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimefunga. Simu inatetemeka kila mara. Ni kijana wa yadi ya magari, anataka kujua nimeamua lipi. Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini huyu ana vizuri viwili na vyote anavitembeza mwenyewe. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyekwama, na hapa Voi hakuna ninayeweza kumweleza kwa nini.

Nataka kununua gari, Baba. Si la kubebea saruji na mabati, hilo lipo na dereva wake yupo. Nataka la kukaa nikajisikia. Nimechoka kushuka kwenye kiti cha mbele cha lori nikiwa na vumbi la saruji kwenye nyusi, halafu mlinzi wa geti aniulize nimemletea nani mzigo. Kuna magari mawili. Moja ni jeusi, la Kijerumani. Ukifunga mlango, kelele zote za Voi zinabaki nje, na viti vyake ni vya ngozi rangi ya maziwa. La pili ni la Kijapani, rangi ya fedha, ngozi yake ya kahawia, injini yake tulivu, na spea zake makanika yeyote anazijua. Bei zake zinakaribiana. Nimeyazunguka hadi walinzi wa yadi wamenizoea na kunipa kiti.

Nikiyazunguka nakukumbuka wewe na wale mitamba wawili wa mnada wa Mwatate. Nilikuwa na sare ya shule, ukanishika mkono tukakaa juani asubuhi nzima. Mmoja alikuwa mwekundu, mfupi, mpole. Mwingine alikuwa na baka jeupe kwenye paji la uso, anatembea kama anajua anatazamwa. Mama alikuwa amekuambia kabla hatujaondoka nyumbani, chukua mpole. Ukawashika meno, ukawapapasa migongo, ukawatembeza mmoja baada ya mwingine kama mtu ambaye kweli hajaamua, kisha ukamnunua mwenye baka. Njiani ukaniambia nisimwambie Mama kwamba mwekundu alikuwa bado hajauzwa. Ng'ombe yule alipiga teke kila ndoo iliyoingia zizini, na hukukubali hata siku moja kwamba ulikosea. Ulisema ndoo ndizo zilikuwa zinawekwa vibaya.

Lakini nilichokishika zaidi ni jioni ile tulipofika. Mama alitoka na kikombe cha maji. Alikasirika, hata mimi mtoto nilimwona. Akajaza maji mdomoni, akayapuliza kwa mnyama, kisha kwako. Akatamka kwamba ikiwa moyoni mwake kuna hasira ya kutosikilizwa, na itoke pamoja na maji haya, mnyama huyu azae na mwenye kumleta awe na amani. Kutasa, hivyo tu, jinsi bibi zake walivyotasa. Na wewe katekista wa misheni uligeuza uso ukatazama migomba mpaka amalize. Nilipokuuliza kama ni dhambi ulinijibu kwamba ni maji tu, hata padre anatumia maji. Usiku huo Mama alicheka na wewe jikoni, na kuanzia kesho yake ng'ombe akawa wake.

Sasa nikuambie la Jumamosi iliyopita.

Kijana wa yadi alisema magari haya hayajulikani mjini, yanajulikana barabarani. Tukakubaliana twende hadi njiapanda ya Bura. Mimi ningeendesha jeusi, yeye angefuata na la fedha, na tukifika tubadilishane. Nilimpigia Mama simu nikamwambia ashuke, nimemletea sukari na unga. Ndivyo tulivyozoea tangu ulipotutoka. Mimi nafika njiapanda, pale lami inapoishia kwa wanaokwenda kwetu, yeye anashuka kutoka juu ya misheni na kikapu chake cha kabichi na ndizi, tunabadilishana mizigo, ananiuliza habari, naondoka. Nimemwambia miaka yote kwamba barabara ya kupanda kwetu ni mbaya, itanivunjia gari. Najua ungesema mkataa kwao ni mtumwa. Mimi nilikuwa najijibu kwamba sijakataa kwetu, nimekataa mawe.

Lazima nikuambie na hili, ingawa naandika huku uso unaniwaka. Lile gari jeusi lina kitufe. Ukikibonyeza, gari linajiinua lenyewe na kuvuka mawe bila kukwaruza tumbo. Kijana alinionyesha kwa fahari, akanieleza kwamba na gari hili nitafika hata mashambani kwa wazee. Alidhani ananifurahisha. Mimi nilikihesabu kitufe kile kuwa kasoro. La fedha liko chini, haliwezi kupanda kwetu, na moyo wangu ukaegemea huko. Watu wote nimewaambia ni kwa sababu ya spea.

Mama alikuwa ameshafika alipotuona tunaegesha. Alivaa leso safi na ile sweta yako ya kijivu. Akayatazama magari, akamsalimu kijana, akaniuliza ni lipi langu. Nikamwambia bado nachagua. Akatabasamu, akatoa chupa ya maji kikapuni. Alikuwa ameibeba kutoka nyumbani, Baba. Akasema basi atatasa yote mawili, na litakalobaki kwangu litakuwa limeshabarikiwa. Milango ilikuwa wazi. Akajaza maji mdomoni, akalielekea lile jeusi.

Kijana alisogea haraka. "Madam, hiyo ngozi ikiingia maji itabaki na alama."

Nami nikainua mkono wangu mbele ya uso wa mama yangu, kama askari wa trafiki. "Mama, si hapa," nikamwambia.

Hakuweza kunijibu, mdomo ulikuwa umejaa. Alinitazama. Kulikuwa na watu wa boda pale, na mwanamke anayeuza nyanya, wote wanatutazama. Kisha nikaona koo lake linashuka. Aliyameza yale maji.

"Haya," akasema. "Chagua vizuri." Akafunga chupa, akanipa kabichi.

Nimejaribu kujitetea. Nimejiambia mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya kutasa tumeyaacha. Uongo mtupu, nawe unajua. Nimejiambia magari hayakuwa yangu bado, na hilo lina ukweli kidogo, ila sikuuinua mkono kwa sababu hiyo. Niliona kijana yule anamtazama mama yangu na sweta yako na mashavu yake yaliyojaa maji, na nikaona haya. Nilimwonea haya mama yangu. Sasa haya hiyo imenigeukia, inakula chakula changu na kulala kitandani mwangu.

Jana nilipanda kwetu. Sikuchukua gari lolote, nilipanda boda kutoka njiapanda. Na nikuambie, Baba, barabara si mbaya. Ina mawe pale kwenye kona ya mto, basi. Mwalimu jirani yetu ana kigari chake kidogo, hakina kitufe chochote, na nilikikuta kimeegeshwa juu kabisa karibu na boma lake kikiwa kisafi kuliko viatu vyangu.

Mama alikuwa anapalilia. Hakushangaa kuniona, alinipa jembe la pili tukapalilia pamoja mpaka mwisho wa mstari. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwomba anitasie, si gari, mimi mwenyewe. Lakini nilipofungua mdomo nikaanza tena na yale yale, kwamba nisamehe Mama, ni yule kijana alinichanganya, na kuja huku pia ningekuja mara nyingi ila si unajua barabara yetu.

Akang'oa gugu, akakung'uta udongo. Hakuwa na hasira hata chembe, na afadhali angekuwa nayo.

"Wakesho, barabara naijua. Mwalimu anapita kila siku," alisema. "Nilijua unaona haya kwetu. Ndiyo maana huwa nashuka mimi, usipate shida ya kudanganya sana."

Akaendelea kupalilia. Mimi nilisimama pale na jembe. Baraka niliyoifuata sikuthubutu kuiomba tena, na yeye hakuingia ndani kuchukua maji. Jioni alinisindikiza hadi kwenye boda na kikapu cha ndizi, akaniuliza Jumamosi ijayo ashuke saa ngapi.

Simu inatetemeka tena, Baba. Sitaipokea leo. Pumzika pale chini ya misheni ulipolala, na ukiweza kumwombea mtu mmoja hapa duniani, usiniombee mimi, mwombee Mama magoti yake.

Ni mimi mwanao, ambaye mama yake bado anamshukia barabarani.