Mikahawa ya Baba Kwenye Mchanga wa Kihagara

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijauhama mji, na ukitaka kucheka cheka tu, Kihagara nzima imeshacheka. Mimi ni Mmatengo wa Litembo, na bei ya kahawa ilipotushinda, kwa kuwa siku hizi ni soko huria na ushirika haukopeshi tena mbolea, mke wangu Albina akasema twende kwao ziwani, mama yake atatupa shamba la mihogo, nami nikakubali, ila nikang'oa miche kwenye mikahawa ya marehemu baba nikaja nayo juu ya gari la mahindi, nimeipakata kama watoto. Nikaipanda katikati ya shamba, na kwa kuwa sijui kulima bila ngoro, nikachimba yale mashimo yetu ya mlimani ya kuzuia mvua isibebe udongo, kwenye mchanga tambarare, mshauri, mahali ambapo hata maji hayana pa kuporomokea. Juzi mama mkwe akaja kutazama shamba lake, akatumbukia, nami kwa adabu ya ukwe siwezi kumshika mkono, nikabaki kando ya shimo nikimwamkia Shikamoo mpaka majirani wakaja kumtoa. Sasa Albina amehamia kwa mama yake, anasema mvua zimekaribia, nisipong'oa miche ile apande mihogo harudi, nami nikishika jembe mikono inakataa, maana sina kingine cha baba, ingawa yote imekauka isipokuwa mmoja, na huo nao unanitazama vibaya. Nifanye nini?

Tarsisi, Kihagara

Tarsisi, pole, na nimecheka. Kumlilia baba si kosa. Kosa ni wewe, mkulima mzima unayejua kahawa inataka baridi, kuukalia mlo wa familia kwa ajili ya vijiti vikavu. Baba yako mwenyewe angekuchapa.

Leo hii fukia mashimo. Mche ulio hai ung'oe na udongo wake, uufunge kwenye gunia bichi, uwapelekee ndugu zako Litembo waurudishe ulikotoka. Kwa mama mkwe mtume mshenga wako na kuku akuombee msamaha, maana zile salamu za kando ya shimo hazikutosha. Kisha lima matuta ya mihogo kama wenyeji, bila kungoja kuambiwa.

Albina akirudi, kaa naye umwulize jambo ambalo barua yako nzima haina: yeye alipokufuata Litembo kwenye baridi ile, aliacha nini huko ziwani?